Kisanduku cha DI

Kisanduku cha DI (pia dairekti boksi, au DI tu) ni kifaa kidogo kinachopokea sauti ya umeme kutoka kwenye gitaa, besi, kinanda au kompyuta na kuipeleka kwenye mikisa kupitia kebo ya maiki. Hushusha impidensi ya mawimbi hayo, huyageuza yawe ya balansi ili yasafiri mbali bila kuokota kelele, na kikiwa cha transfoma hutenganisha umeme wa jukwaani na ule wa mezani kwa fundi mitambo. Mjini Moshi na katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro hutumika makanisani, kwenye harusi na sherehe za kipaimara, na kwenye matamasha ya viwanjani. Vitabu vya ughaibuni hutaja utenganishaji wa umeme mwishoni, baada ya kusifia ubora wa sauti. Mteremkoni ni hiyo kazi ya mwisho inayokifanya kisanduku kiwe na thamani kuliko kifaa kingine chochote cha bei yake.

Muundo na utendaji

Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Impidensi yake ni kubwa, kiasi cha kilo-om 10, na hupanda kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Tundu la maiki kwenye mikisa lina impidensi ya kilo-om 1.5 hadi 2 hivi. Gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye tundu hilo, mikisa huinyonya pikapu: sauti hudhoofika, wembamba hupotea, na mpigaji hulalamika kwamba gitaa lake limezibwa pumzi.

Umbali nao huongeza tatizo. Kebo ya kawaida ya jeki ya milimita 6.35 ina uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Ikifika mita 30, ambao ni umbali wa kawaida kutoka jukwaani hadi kwa fundi mitambo, jumla ni pikofaradi 3,000, na sauti za juu huanza kufifia hata kabla hazijaingia kwenye mikisa. Kebo hiyo ina waya mmoja tu wa mawimbi na nyavu inayouzunguka, hivyo huokota kila kinachopita hewani: taa za tyubu, chaja, simu, hata redio. Ndiyo maana mafundi wengi hawapendi kuvuta kebo ya jeki kupita mita 6 au 7.

Kisanduku cha DI hukaa karibu na mpigaji. Upande mmoja kina tundu la jeki, upande wa pili tundu la XLR lenye pini 3: ya kwanza ni ethi, ya pili hubeba mawimbi jinsi yalivyo, ya tatu huyabeba yakiwa yamegeuzwa kinyume. Kelele inayoingia njiani huingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili. Mikisa hutoa tofauti kati ya pini ya pili na ya tatu, kelele ikajifuta yenyewe, muziki ukabaki. Kebo hiyo inaweza kwenda mita 100 bila wasiwasi mkubwa.

Visanduku vipo vya aina mbili. Vya transfoma havihitaji umeme wowote. Transfoma ya uwiano wa 12 kwa 1, ambao umezoeleka sana, hugawa impidensi kwa 144. Kwa maneno mengine, mikisa ya kilo-om 1.5 huonekana na gitaa kama mzigo wa kilo-om 216, ambao pikapu nyingi hubeba bila taabu. Volti nazo hugawanywa kwa 12, yaani upungufu wa desibeli 21 na kitu, na fundi huurudisha kwa kuongeza geini ya maiki. Jina linaloheshimika zaidi katika transfoma hizi ni Jensen la Marekani. Zile za bei rahisi hukata besi ya chini na hukoroga sauti zikipewa mawimbi makubwa.

Vya aktivu vina sakiti ya kukuza mawimbi na huhitaji betri ya volti 9 au fantomu ya volti 48 kutoka kwenye mikisa. Impidensi yao ya kuingilia huwa kubwa mno: vingi hufikia mega-om 1, na Countryman Type 85 kina mega-om 10. Hivi ndivyo vinavyofaa kwa gitaa kavu lenye pikapu ya piezo, kwa sababu piezo ikiwekewa mzigo mdogo hutoa sauti kavu ya bati isiyo na besi.

Juu ya kisanduku huwa kuna swichi mbili au tatu. Padi hupunguza mawimbi kwa desibeli 20, na kwenye baadhi ya visanduku hadi 40. Swichi ya kukata ethi huachanisha pini ya kwanza ya XLR na ethi ya chombo. Vichache vina swichi ya kugeuza fezi. Pembeni kuna tundu la pili la jeki ambalo hutoa mawimbi yaleyale bila kuguswa, ili mpigaji ayapeleke kwenye amplifaya yake mwenyewe.

Historia

Mazoea ya kuunganisha gitaa bila maiki yalianza studioni. Katika studio ya Motown huko Detroit, iliyofunguliwa 1959 ndani ya nyumba ya kawaida ya kuishi, chumba kilikuwa kidogo na wapigaji wengi. Besi ya James Jamerson na magitaa yaliingizwa moja kwa moja kwenye mitambo, wapigaji wakijisikia kupitia spika moja ya pamoja. Ed Wolfrum, fundi wa mji huohuo, alitengeneza kisanduku cha transfoma kilichokuja kuigwa sana. Uingereza, mafundi wa EMI katika studio ya Abbey Road, akiwemo Ken Townsend, walitengeneza chao, na kufikia 1967 besi ya Beatles ilikuwa ikirekodiwa kwa njia hiyo pia. Miaka ya 1970, majukwaa yalipokuwa makubwa na mikisa ikahamishiwa katikati ya watazamaji, kisanduku kilitoka studioni kikawa kifaa cha jukwaani.

Afrika Mashariki ilipitia njia nyingine. Bendi za dansi zilikuwa na magitaa ya umeme tangu zamani, na katika miaka ya Ujamaa vyombo vingi vilikuwa mali ya mashirika, vyama na taasisi za umma: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga wakaja Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka kwenda Kenya, ambako bendi ilijulikana kama Simba Wanyika. Katika bendi za aina hiyo kila gitaa, yaani solo, rithimu na besi, lilikuwa na amplifaya yake jukwaani, na maiki chache zilizokuwapo ziliachiwa waimbaji. Hapakuwa na mikisa kubwa ya kuyapokea magitaa, kwa hiyo kisanduku kisingekuwa na kazi. Muziki ulipangwa kwa sikio: mpigaji wa solo alipozidi, alikonyezwa.

Moshi wenyewe ulijulikana mapema kwa kazi ya redio. Kituo cha Kilutheri cha Sauti ya Injili kilichorusha matangazo kutoka Addis Ababa kuanzia 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipokichukua mwaka 1977 kilikuwa na studio ya vipindi vya Kiswahili mjini Moshi. Mji uliozungukwa na sharika zenye kwaya ulipata hivyo watu waliozoea maiki, kanda na usafi wa sauti, jambo ambalo miji mingi ya ukubwa wake haikuwa nalo.

Mabadiliko ya kweli yalifuata baada ya biashara kulegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Vinanda vya Yamaha, mikisa ndogo na spika za plastiki zenye amplifaya ndani viliingia madukani, na kwaya za vijana zikaanza kuimba na gitaa la solo, besi na kinanda. Vyombo hivi vilinunuliwa kimoja kimoja kwa michango ya waumini. Kisanduku cha DI, ambacho hakina sauti yake na hakionekani kwenye picha, kilikuwa cha mwisho katika orodha ya manunuzi. Mara nyingi bado ni cha mwisho.

Mvumo na umeme wa mteremkoni

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Mvumo unaosikika kwenye spika ni wa hezi 50, au 100 pamoja na vizidishe vyake ukiwa wa kukwaruza. Chanzo chake cha kawaida ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa na ethi kwa njia mbili, moja kupitia plagi zao za umeme na nyingine kupitia nyavu ya kebo ya sauti. Ethi hizo mbili zikitofautiana hata kwa sehemu ya volti, mkondo hupita kwenye nyavu ya kebo na mikisa huusoma kama sauti.

Katika ukumbi wa mjini wenye soketi za waya mmoja, tofauti hiyo ni ndogo. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, mambo ni tofauti. Sherehe hufanyika uani au kwenye uwazi uliofyekwa kati ya migomba, chini ya maturubai, nyumba ziko mbalimbali na kila moja ina LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla) na nondo yake ya ethi. Ni kawaida jukwaa lipate umeme kutoka nyumba ya baba mwenye shughuli, na meza ya mitambo, iliyo upande wa pili wa turubai, ipate kutoka nyumba ya kaka yake. Hapo kuna nondo mbili zilizochimbiwa katika udongo mmoja lakini si kwa kina kimoja. Udongo ukikauka, kama Januari na Februari katika vijiji vya chini, ukinzani wa ethi huongezeka na nondo hizo huzidi kuachana. Umeme ukikatika, upande mmoja huhamia kwenye jenereta na hesabu huanza upya.

Transfoma ndani ya kisanduku hupitisha mawimbi kwa usumaku. Hakuna waya unaoungana kutoka upande mmoja kwenda mwingine isipokuwa ethi, na hiyo huachanishwa kwa swichi. Mzunguko hukatika, mvumo hunyamaza. Visanduku vya aktivu visivyo na transfoma havifanyi kazi hii kikamilifu: vinapotumia fantomu, ethi ya mikisa hubaki kuwa njia ya kurudishia umeme wake, na vingi hubakiza sehemu ya mvumo. Kwa shughuli za kihambani, basi, kisanduku cha transfoma cha bei ya kawaida ni bora kuliko cha aktivu cha bei ya juu, ingawa wauzaji hupendekeza kinyume chake.

Wasio na kisanduku wamebuni tiba yao. Hukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, au hutumia plagi ya pini mbili na kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie. Mvumo huisha kweli. Lakini amplifaya ikipata hitilafu, chuma chake chote hubeba volti 230, na mpigaji mwenye vidole kwenye nyuzi anayesogeza midomo kwenye maiki iliyounganishwa na ethi huwa ndiye waya wa kukamilisha mzunguko. Swichi ya kisanduku hukata ethi ya kebo ya sauti peke yake. Ethi ya kinga ya plagi haiguswi. Tofauti hiyo ingestahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha mitambo cha usharika.

Kompyuta za mkononi za washereheshaji na madijei huleta mvumo wa aina yake, mwembamba na wenye kukwaruza, unaotoka kwenye chaja. Kuchomoa chaja na kutumia betri huuondoa papo hapo, mpaka betri iishe katikati ya keki. Kisanduku cha stirio cha transfoma huuondoa moja kwa moja.

Gitaa lenye amplifaya: maiki au kisanduku

Gitaa likiwa na amplifaya jukwaani, fundi ana njia tatu za kulipeleka kwenye mikisa. Anaweza kuweka maiki mbele ya spika, kwa kawaida Shure SM57 ya mwaka 1965 au nakala zake. Anaweza kuweka kisanduku kati ya gitaa na amplifaya, akachukua sauti kabla haijaguswa. Au anaweza kuchukua mawimbi yanayotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, kwa kisanduku chenye padi ya desibeli 40 kilichojengwa kwa kazi hiyo. Mawimbi ya spika ni ya volti nyingi, na kisanduku cha kawaida kikichomekwa hapo huungua au huunguza mikisa. Spika nayo isichomolewe ili kupisha kisanduku, hasa kwenye amplifaya za vali, ambazo huharibika zikifanya kazi bila mzigo.

Njia ipi ni bora hutegemea muziki. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi sauti nyingi juu ya kilohezi 5, na ukali wa gitaa la roki umetengenezwa kwa kuizingatia spika hiyo. Gitaa lililokorogwa likichukuliwa kwa kisanduku bila spika husikika kama nyuki kwenye kopo, isipokuwa kisanduku kiwe na sakiti ya kuigiza spika. Gitaa la dansi na la kwaya ni jambo jingine. Solo na rithimu za Afrika Mashariki hupigwa safi, nyuzi zikiachiana nafasi, na wembamba ambao mpigaji wa roki angeuogopa ndio unaotafutwa. Kisanduku huufikisha mzima. Mpigaji akitumia pedali za mwangwi, kisanduku huwekwa baada yake.

Besi karibu daima huchukuliwa kwa kisanduku. Maiki ya besi huokota ngoma, kinanda na mngurumo wa jukwaa la mbao, na nyingi hazifiki chini kwenye hezi 41 za uzi wa nne ulioachwa wazi. Fundi akitumia maiki na kisanduku kwa pamoja inabidi akumbuke kwamba sauti hewani huchukua milisekunde 3 hivi kwa kila mita, ilhali ya kisanduku hufika papo hapo. Mawimbi hayo mawili yakipishana, besi hukonda badala ya kunenepa. Dawa ni kugeuza fezi ya moja, au kuchelewesha kisanduku kwenye mikisa ya dijitali.

Kanisani

Makanisa makubwa ya mteremkoni, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yana kuta ngumu na dari ya juu, na sauti hukaa muda mrefu kabla ya kufa. Amplifaya ya gitaa karibu na madhabahu humfikia mzee wa kiti cha mbele kabla ya maneno ya kwaya kumfikia. Kisanduku humwezesha fundi kuondoa amplifaya kabisa, akampa mpigaji monita ndogo na kuupima mchanganyiko mzima kutoka mahali pamoja.

Mvua ina sehemu yake. Upande wa kusini wa mlima hupata mvua nyingi wakati wa masika, Machi hadi Mei, na ikishuka juu ya mabati hakuna mahubiri yanayosikika. Fundi hupandisha geini, na mvumo uliokuwa umejificha hupanda nayo. Sharika nyingi zimegundua tatizo la ethi yao siku ya mvua. Unyevu wa msimu huo pia hutia kutu jeki, na betri za volti 9 zilizosahauliwa ndani ya visanduku vya aktivu huvujia sakiti.

Kinanda kina matundu mawili, kushoto na kulia. Kwa spika za mono tundu moja na kisanduku kimoja hutosha, mradi litumike lile lililoandikwa mono.

Tarumbeta

Bendi za tarumbeta, urithi wa misioni, hazihitaji kisanduku cha DI, kwa kuwa sauti yake haitoki kwa umeme.

Kwingineko Afrika Mashariki

Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu 2004 na kwa miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, hutaka wasanii wapige muziki hai, kwa hiyo jukwaa lake huhitaji visanduku vingi kwa usiku mmoja. Vyombo vya taarabu, hasa udi na kanuni, vikifungwa pikapu ya piezo huhitaji kisanduku cha aktivu. 

Upatikanaji na matumizi ya sasa

Visanduku vya bei nafuu, hasa vya Behringer, hupatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam na kwa wauza vyombo wa Arusha. Vya Radial na BSS huagizwa nje. Mikisa za dijitali kama Behringer X32 ya mwaka 2012 zimepunguza kebo ndefu kwa kuweka matundu jukwaani, lakini matundu hayo bado ni ya maiki na gitaa bado linahitaji kisanduku. Amplifaya nyingi mpya za besi zina tundu la XLR nyuma pamoja na swichi ya kukata ethi. Si zote zina transfoma ndani.

Msimu wa kazi mteremkoni ni Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kuhesabiwa, kama utani wa nchi nzima unavyosema, na harusi, kipaimara na vikao vya ukoo hubanana ndani ya majuma machache. Wakati huo wakodishaji wa mitambo huhama kihamba hadi kihamba, kutoka Machame hadi Rombo, na kila uwanja una umeme wake wa kubahatisha. Kwa shughuli ya kawaida yenye besi, gitaa la solo, kinanda na kompyuta ya mshereheshaji, visanduku vitatu vya transfoma na kimoja cha stirio vinatosha, na vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa kebo.